Filamu kuhusu mashariki ya Kongo: wenye lugha wanasikia yasiyoandikwa chini ya picha

Filamu nyingi zinazosimulia maisha ya mashariki na kusini-mashariki mwa Kongo huonyeshwa kwanza Cannes, Berlin au Brussels. Huko watazamaji husoma maandishi ya Kifaransa au Kiingereza chini ya picha. Zinapofika Bukavu, Kisangani au Lubumbashi, hata kama ni kwenye kioo kidogo cha simu, mambo yanageuka: wakaaji wanasikia maneno yenyewe. Ndiyo maana maongezi ya watu baada ya kutazama hayafanani na yale ya waamuzi wa Ulaya.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2015 ilifika hadi serikalini.

Marufuku ya 2015

Mwezi wa tisa mwaka huo, serikali ya Kinshasa ilikataza filamu "L'Homme qui répare les femmes", ya Mbelgiji Thierry Michel na mwandishi wa habari Colette Braeckman. Inahusu kazi ya daktari Denis Mukwege katika hospitali ya Panzi, Bukavu, na wanawake waliobakwa wakati wa vita. Msemaji wa serikali, Waziri Lambert Mende, alisema filamu hiyo inachafua jina la jeshi, na kwamba ushuhuda uliotolewa kwa lugha za hapa ulitafsiriwa vibaya kwa Kifaransa. Marufuku iliondolewa mwezi uliofuata. Mwaka 2018 Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad.

Jambo moja lilipita kimya. Mabishano yalikuwa juu ya tafsiri, na watu walioweza kuyakata bila shida ni wakaaji wa Kivu, wanaosema lugha hizo tangu utoto. Hao ndio waliozuiwa kuitazama. Kinshasa na Brussels zilibishana juu ya maneno ya wanawake wa Kivu, majirani zao wakisubiri ruhusa ya kuyasikia.

Makala si hadithi ya Wagiriki

Mfano mwingine unatoka Lualaba. Mtu wa Dar es Salaam akisikia jina "Makala" atadhani ni habari ya gazeti. Mtu wa Kolwezi anajua ni makaa ya kupikia. Filamu hiyo ya Mfaransa Emmanuel Gras ilipata tuzo kubwa ya Semaine de la Critique huko Cannes mwaka 2017. Baba mmoja anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anachoma makala, anafunga magunia kwenye baiskeli, au kinga kama wanavyoiita Katanga, na kuisukuma karibu kilomita 50 hadi Kolwezi. Anatafuta pesa za kujengea familia yake nyumba ya mabati.

Ulaya wapo waliomlinganisha na Sisyphus, mtu wa hadithi za kale za Wagiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe milele. Ni sifa nzuri, lakini jiwe la Sisyphus halikuuzwa. Makala inauzwa. Mama aliyenunua gunia wiki hii anaitazama safari hiyo akiwa na hesabu kichwani: mzigo ule utaleta ngapi, wanaodai pesa barabarani watabakiza ngapi, mabati yatapatikana lini. Swali lake ni la bei, na ndilo swali la yule baba mwenyewe.

Uloji: kucheka au kutetea?

Hata hapa kwetu maoni si mamoja. "Augure" ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, ilipata tuzo katika kitengo cha Un Certain Regard, Cannes 2023. Koffi anarudi kwao na mchumba wake Mbelgiji, lakini familia inamwogopa kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo, inayochukuliwa kuwa dalili ya uloji. Mkaaji wa Lubumbashi hahitaji kutafsiriwa jina la mtengenezaji huyo, kwa kuwa baloji anawajua. Kwake suala ni kama filamu inaicheka imani ya wazee au inawatetea wanaosingiziwa. Mtu anaweza kulijibu kwa namna mbili katika nyumba moja.

Hilo si suala la filamu za kubuni tu. Katika "Maman Colonelle" ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, kuna watoto walioteswa kwa kushukiwa uloji. Filamu hiyo ya mwaka 2017 inamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi, anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda watoto na wanawake waliofanyiwa ukatili.

Filamu isiyoisha

Hamadi alirudi Kisangani kwa filamu "En route pour le milliard". Iliingia katika orodha rasmi ya Cannes 2020, mwaka ambao tamasha halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya korona. Waliojeruhiwa katika vita ya siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini humo mwezi wa sita mwaka 2000, wanashuka mto kwa mashua hadi Kinshasa kudai fidia. Baadhi wanatembea kwa magongo.

Mwezi wa pili mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Mfuko wa FRIVAO uliundwa kugawa fidia hizo kwa wahanga. Kwa mtazamaji wa mbali, filamu inaisha taa zinapowashwa. Kwa familia ya Kisangani yenye jina kwenye orodha ya wahanga, mwisho wake ni siku pesa itakapofika mkononi.

Kwa hiyo filamu hizi zingepaswa kufika mapema kwa wanaosikia lugha yake. Goma, kituo cha Yole!Africa cha mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo kilionyesha kuwa tamasha linaweza kufanyika hapa hapa. Mtu wa Panzi akisema "mama huyu hakusema hivyo", au "alisema hivyo kabisa", huo ni ushahidi ambao hakuna mwamuzi wa Cannes anayeweza kuutoa.