Vitenzi vya Silabi Moja (3): 'Ku' ya Alikula Imetoka Wapi?

Juma lililopita tuliorodhesha vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja: kula, kunywa, kuja, kufa, kuwa, kupa na wenzao. Leo tuvitazame katika wakati uliopita, maana hapo hata wenye lugha huteleza.

Kusoma hupoteza 'ku' mara kinapopokea 'li': alisoma. Kula hakikubali, twasema alikula, si 'alila'. Sababu ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na 'alila' ingemtwisha 'li' mzigo huo, naye hauwezi. Basi 'ku' hubaki ili iupokee. Ndivyo ilivyo pia katika amekuja, aliyekuja na alipokufa.

Penye kiambishi kinachoubeba mkazo, 'ku' huondoka. 'Ka' ya masimulizi huuweza: Alikuja, akala, akanywa, akalala. Kiambishi cha mtendwa vilevile: Chui alimla mbuzi. Kupa hakikosi kumtaja mpewaji, ndiyo maana alikupa haina maana nyingine ila kwamba uliyepewa ni wewe.

Kosa lililoenea zaidi limo katika kukanusha: 'sikukula', 'hakukuja'. Tazama sikusoma. Kusoma hakihitaji msaada wa mkazo, lakini 'ku' ipo. Kumbe hiyo ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita, nayo hubeba mkazo yenyewe. Ya pili haina kazi. Tuseme: sikula, hakuja, hatukunywa, hawakufa.

Hata hivyo, mhariri asikate kila 'kuku' anayokutana nayo. Juma hakuwa na maji, lakini kisimani hakukuwa na maji: 'ku' ya kwanza ni ya mahali, ileile ya kulikuwa, na ya pili ni ya ukanushi. Vivyo hivyo hakukupa chochote: moja inakanusha, nyingine ni wewe uliyenyimwa. Ukitaka kujua kama 'ku' mbili ni halali, iulize kila moja kazi yake. Isiyo na jibu ifutwe.

Kwenda na kwisha vina mizizi ya silabi mbili, lakini hupenda kufuata mkumbo huu. Alikwenda na alienda zote ni sahihi, na hakwenda na hakuenda pia.

Juma lijalo tutaingia kwenye amri, tuone kwa nini twasema kula! na kunywa!, ilhali kuja hutupa njoo!