Adabu ya Macho na Mikono: Lugha ya Ishara Mtaani Dallas

Mtaa wa Dallas, mjini Embu, si mahali pa kuishi kwa lugha moja. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na kwa miaka hiyo yote mji uliwavuta makarani, walimu, askari, wachuuzi na vibarua kutoka Meru, Ukambani, Kirinyaga na kwingineko, wakaja kukaa na Waembu na Wambeere wenyewe. Aliyetaka chumba cha bei nafuu alikitafuta katika mitaa kama Dallas, ambako milango ya ploti moja hutazamana, mfereji ni mmoja, na kamba za kuanikia nguo ni za wote. Katika maisha ya namna hiyo watu huokota lugha za majirani bila kutangaza kwamba wanajifunza. Mkamba atamsalimu mama mboga kwa Kiembu, Mmeru atapatana bei ya muguka kwa Kimbeere cha kukwamakwama, na Kiswahili kitaunganisha yaliyobaki. Hakuna anayeita jambo hilo hisani. Ni ujirani. Hoja yangu ni kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya inastahili kuingia katika desturi hiyohiyo, na kwamba mwenye rafiki kiziwi anapaswa kujifunza lugha yake kama vile angejifunza salamu za mlango wa pili. Sababu inayotajwa sana ni kupashana habari, nami siipingi. Lakini ipo sababu nzito zaidi: lugha hii ina adabu zake, na mtu asiyezijua humhukumu kiziwi mwenye adabu kuwa hana.

Kwanza tuone kiziwi wa mtaani huipata wapi lugha yenyewe. Utafiti uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na kwetu wengine hupoteza usikivu wakiwa wadogo kwa homa ya uti wa mgongo, surua, au dawa kali zinazoharibu sikio la ndani. Maana yake ni kwamba mtoto kiziwi kwa kawaida hairithi lugha yake kwa mama. Nyumbani hubuniwa ishara chache za kula, kulala, kuja na kuondoka, ambazo hazivuki kizingiti cha ploti. Lugha kamili huikuta shuleni, kwa watoto wenzake, mara nyingi bwenini. Shule za kwanza za viziwi nchini, Nyang'oma na Mumias, zilifunguliwa mwaka 1961. Baadaye zikaenea, na leo Embu ina shule ya viziwi ya St. Luke's, na Meru ina ya Kaaga. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa kuitafiti lugha hii, na Katiba ya 2010 ikaipa hadhi ambayo lugha nyingi za Kenya hazina: kifungu cha 120 kinaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge. Kwa hiyo kijana anaporudi Dallas kutoka bwenini, anarudi na lugha iliyo na sarufi, mzaha, matusi na mafumbo. Anachokosa ni mtu wa kuizungumza naye. Ameivuka njia nzima kuja upande wetu, amejifunza kusoma, kuandika na kufuata midomo, na sisi hatujapiga hatua hata moja.

Sasa adabu. Katika malezi ya Waembu, kama ilivyo kwa majirani zao wengi, kijana hamkazii mzee macho. Anapozungumza naye huinamisha uso kidogo, na huko kuinamisha ndiko heshima. Mtoto hukanywa asimwelekeze mtu kidole. Kukunja uso mbele ya mkubwa ni ufidhuli, na kumgusa bega mtu mliyepishana rika kunahitaji sababu. Kila moja ya makatazo haya hugeuka katika lugha ya ishara. Macho ndiyo masikio: anayetazama chini wakati mwenzake anaongea amefunga mlango, na kwa viziwi hilo ni tusi kubwa kuliko kumkatiza mtu kauli. Kidole ndicho kiwakilishi: mimi, wewe, yule na wale huonyeshwa mahali walipo, au mahali pa hewani ambapo msemaji amewaweka tangu mwanzo wa hadithi. Uso hubeba sehemu ya sarufi, kwa kuwa nyusi na kichwa huweza kuigeuza kauli kuwa swali au kanusho huku mikono ikifanya ileile. Na bega hugongwa kidogo kwa ncha za vidole, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumwita mtu aliyekupa kisogo, ila kupunga mkono pembeni mwa jicho lake, kugonga meza, kukanyaga sakafu kwa kishindo au kuwasha na kuzima taa. Mwone basi kijana kiziwi mbele ya mjomba aliyekuja kutoka Runyenjes. Anamtazama usoni bila kupepesa, anamwonyesha kwa kidole, anakunja nyusi kumuuliza amefika lini, anamgonga bega ili ageuke. Kwa viziwi wenzake amemsalimu mzee vizuri kabisa. Kwa mjomba, mtoto huyu hakulelewa.

Mambo haya hayaishii katika salamu. Viziwi wana desturi ya kumpa mtu jina la ishara, na mtu hajichagulii. Hutolewa na viziwi wenyewe baada ya kumzoea mtu, kutokana na alama au tabia waliyoiona: kovu la shavuni, mwanya, namna ya kucheka, kofia isiyovuliwa. Anayesikia hushtuka kuitwa kwa kovu lake, kwa sababu kwetu kasoro ya mwili husemwa mtu akiwa ameondoka. Kwao ni utambulisho, na kupewa jina ni kukubaliwa. Vivyo hivyo kumwambia mtu amenenepa au amezeeka tangu mlipoonana husemwa waziwazi bila nia ya kuumiza. Kuna pia mambo madogo ambayo hayafundishwi darasani. Watu wawili wanapoongea kwa ishara kwenye ujia mwembamba wa ploti, unayepita huna haja ya kusimama kuomba radhi na kuwalazimisha wageuke wakujibu. Pita upesi, inatosha. Mkitembea pamoja kuelekea sokoni, mnalindana njiani: kila mmoja huangalia boda boda na shimo la maji taka kwa niaba ya mwenzake, kwa kuwa macho yako kwenye mazungumzo. Mama anayemenya viazi ataweka kisu chini akitaka kusema jambo refu. Na stima ikipotea usiku, wasikiao huendelea na porojo gizani kana kwamba hakuna kilichobadilika, ilhali kwa viziwi mazungumzo yamekatika mpaka mmoja awashe tochi ya simu na kuielekeza kwenye mikono. Rafiki anayeijua lugha hunyoosha mkono kuitafuta tochi kabla hajaombwa. Nadhani hapo ndipo urafiki unapoonekana, kuliko katika wingi wa maneno mtu aliyoyakariri.

Atakuja mtu aniambie kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa kila mtu ana simu, na kiziwi anaweza kuandikiwa. Anaweza, na huandikiwa kila siku. Lakini tuangalie anaandikiwa nini. Mwanafunzi kiziwi nchini Kenya huruhusiwa kufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, na shule za viziwi kwa sehemu kubwa hufundisha kusoma na kuandika kwa Kiingereza. Ujumbe wa mtaani wenye Kiswahili cha mkato, Sheng na Kiembu humfikia kama lugha ya nne au ya tano, ambayo hajawahi kuisikia wala kufundishwa. Akijibu kwa sentensi fupi zisizo na viambishi, mwenzake humwona mjinga, kumbe amefuata mpangilio wa lugha yake. Wengine husema kwamba wao huchezesha midomo vizuri na kutamka polepole. Wajaribu mbele ya kioo kutamka baba, mama na papa bila kutoa sauti: midomo hufunga na kufunguka namna ileile kwa maneno yote matatu. Tofauti iko kooni na puani, mahali ambapo jicho halifiki. Kiziwi anayefuata midomo hukisia sehemu kubwa ya anachokiona, na hukisia vizuri tu pale anapojua mada tangu mwanzo. Katika kikundi cha watu watano wanaocheka kwenye kibanda cha chai, kila mmoja akidaka neno kutoka kwa mwenzake, hajui hata amtazame nani. Hapo ndipo anapoambiwa ile kauli ya "nitakueleza baadaye", ambayo viziwi wa nchi nyingi hulalamika kwamba wameisikia maisha yao yote, na ambayo baadaye yake mara nyingi haifiki.

Wapo wanaotumaini vifaa vya kusaidia kusikia, au kifaa kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji. Vifaa hivi vina faida, hasa kwa mtoto anayevipata mapema, na mzazi anayeweza kuvipata asilaumiwe. Ila upandikizaji huo hapa nchini hugharimu zaidi ya shilingi milioni moja, na baada yake huja miaka ya mazoezi ya kusikia na kutamka. Habari hiyo haimsaidii mpangaji wa Dallas leo. Kwa mtu mzima aliyezaliwa kiziwi, manufaa yake huwa madogo. Wengine huelekeza tumaini kwenye maombi ya uponyaji. Imani ya mtu ni yake, lakini kumngoja rafiki apone ndipo muongee ni kumweka kando miaka yote ya kungoja.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban 153,000 wenye shida kubwa ya kusikia, wakiwemo wazee waliopoteza usikivu uzeeni na wasiotumia ishara. Kwa nini mtaa mzima ujisumbue kwa mtu mmoja katika ploti tatu? Mfano unaotajwa sana wa jamii nzima iliyojifunza ishara ni kisiwa cha Martha's Vineyard nchini Marekani, ambako tangu karne ya 17 uziwi wa kurithi ulienea, na wenyeji waliosikia wakakua wakitumia ishara hata wenyewe kwa wenyewe, baharini kutoka mashua moja hadi nyingine. Mtafiti Nora Ellen Groce aliandika habari zao mwaka 1985, na katika kijiji cha Chilmark aliona kwamba wakati fulani mtu mmoja kati ya 25 alikuwa kiziwi. Ghana nayo ina kijiji cha Adamorobe chenye historia inayofanana na hiyo. Mpinzani atasema, sawasawa, kwamba Dallas si Chilmark. Nakubali, na ndiyo maana simwombi kila mtu wa Dallas. Namwomba rafiki. Urafiki haujawahi kupimwa kwa sensa. Mmeru hakujifunza salamu za Kimbeere kwa sababu Wambeere walifika idadi fulani, alijifunza kwa sababu mmoja wao alimuuzia muguka kila jioni. Na kama wawili au watatu katika ploti wanajua, mjomba wa Runyenjes atakuwa na mtu wa kumweleza kwamba kijana yule alikuwa anamsalimu.

Linabaki onyo ambalo hutolewa na viziwi wenyewe, nalo ni la haki. Mtu anayesikia akijua ishara hamsini huanza kujiona msemaji wao. Dunia nzima iliona ubaya wa jambo hilo Desemba 2013 mjini Johannesburg, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela, pale mtu aliyesimama kando ya marais alipopunga mikono kwa saa kadhaa na viziwi wa Afrika Kusini wakasema hakuwa akisema kitu. Rafiki si mkalimani. Hospitali na mahakama zina wajibu wa kutafuta mkalimani aliyefunzwa, na rafiki anayejitosa kutafsiri ugonjwa wa mwenzake mbele ya daktari anaweza kukosea kipimo cha dawa, na hata akipatia, ameingia katika siri ambayo hakualikwa. Kazi yake ni nyepesi zaidi na ndefu zaidi: kukaa, kutazama, kuuliza, kurekebishwa. Na mwalimu wake awe kiziwi. Vitabu na video hutoa alfabeti ya vidole na msamiati wa kwanza, lakini uso, kasi, na lini mtu agongwe bega na lini asubiriwe, hayo hayapatikani ila kwa mwenye lugha.

Walimu hao Dallas inao. Shule za bweni hufungwa Aprili, Agosti, na tena mwisho wa mwaka, na watoto viziwi hurudi kwenye ploti zao kwa majuma kadhaa ya kukaa kimya katikati ya watu wanaowapenda. Makanisa ya mtaani hupanga semina za vijana katika likizo hizohizo, na vyama vya kina mama hukutana kila juma kwa michango yao. Saa moja ya mkutano mmoja ingetosha kumsimamisha msichana wa gredi ya saba mbele, kiziwi, awe mwalimu, awafundishe watu wazima kuulizana hali, kutaja watoto wao na kutazamana machoni. Chama kikitenga posho kidogo kwa kazi hiyo, kama kinavyomlipa mwalimu wa kwaya, afadhali zaidi, kwa sababu atakuwa amekuja kwa ujuzi wake.