Tigo Pesa kuwa Mixx by Yas: Jina limebadilika, deni liko pale pale

NOVEMBA 2024 kampuni ya simu iliyojulikana nchini kama Tigo ilitangaza kuwa jina lake la biashara ni Yas, na huduma yake ya fedha, Tigo Pesa, ni Mixx by Yas. Kila mabadiliko ya namna hii yanapotokea, swali la wenye maduka na mawakala huwa moja: fedha zetu zimehamia wapi?

Jibu fupi ni kwamba hazikuhama. Jibu refu ni vizuri kila mfanyabiashara alijue, kwani haya si mabadiliko ya kwanza. Celtel ilikuwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Tigo yenyewe iliwahi kuitwa Mobitel na baadaye Buzz.

Kwa nini jina liliondoka

Tigo Pesa ilianza mwaka 2010, kampuni ikiwa chini ya Millicom. Mwaka 2022 Millicom ilikamilisha kuuza biashara yake ya Tanzania kwa wawekezaji walioongozwa na kundi la Axian kutoka Madagascar. Lakini anayenunua duka si lazima awe amenunua na kibao cha mlangoni. Tigo ni jina la Millicom, ambayo hulitumia pia katika nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati.

Axian nayo ilikuwa na majina tofauti: Telma huko Madagascar na Comoro, Togocom huko Togo na Free huko Senegal. Yote hayo, pamoja na Tigo, yaliwekwa chini ya jina moja la Yas.

Salio ni deni

Shilingi unayoiona kwenye simu ni deni ambalo mtoa huduma anadaiwa na wewe. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, fedha halisi zinazolingana na salio la wateja hutunzwa benki katika akaunti maalumu ya amana, mbali na fedha za kampuni, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Faida ya fedha hizo ndiyo ambayo Tigo Pesa ilianza kuwagawia watumiaji wake mwaka 2014.

Kubadili jina hakufuti deni, kama vile mdaiwa wako hawezi kukwepa kulipa kwa sababu amepaka rangi duka lake. Namba za simu, namba za siri na menyu ya *150*01# vilibaki vile vile.

Kwa wakala na mwenye duka

Tofautisha jina la biashara na kampuni iliyosajiliwa. Mkataba wa uwakala hufungwa na kampuni, si na bango. Kampuni ikibaki ile ile, floti, kamisheni na madai yako yanabaki pia. Hata hivyo, hifadhi nakala ya mkataba na kumbukumbu za miamala ya kabla na baada ya mabadiliko, ili ikitokea tofauti uwe na ushahidi.

Hatari kubwa ni matapeli. Wao hupenda kipindi ambacho mteja hana uhakika. Atakayekupigia akitaka namba ya siri ili "akuhamishie kwenye jina jipya" ni mwizi, kwa kuwa hakuna cha kuhamisha. Ujumbe wa aina hiyo utume kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili ya kuripoti utapeli.

Kwa mwekezaji mdogo

Jina jipya si toleo la hisa. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017, ilitoa waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha hisa zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mabadiliko ya Tigo kuwa Yas hayakuambatana na toleo la aina hiyo. Hivyo, anayekuuzia "hisa za jina jipya" mtake kwanza akuonyeshe waraka huo, kisha muulize dalali wa hisa mwenye leseni kabla hujatoa hata shilingi moja.