Boti kwenye ziwa Kivu: AIS ni nini, na antena yake inaomba iwekwe wapi?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi, yenye ilikuwa inatoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema kama watu 278 walikuwa ndani na kama 78 hivi walikufa. Kila wakati ajali inatokea, swali moja linarudi: kwa nini boti zetu hazina chombo cha kuonyesha mahali ziko, kama vile meli za bahari?

Tuseme ukweli kwanza. Chombo hicho hakingeiokoa Merdi. Watu wa inchi kavu waliiona ikizama kwa macho yao. Chombo hakipunguzi mizigo, wala hakivalishi mutu jile. Lakini kuna hatari ingine yenye wasafiri wa ziwa wanajua: moteri inazimika usiku, upepo unasukuma boti, rezo ya telefone hakuna, na wenye kutaka kusaidia hawajui watafute upande gani. Hapo ndipo chombo hicho kinaweza kuokoa watu. Lakini inaomba kifungwe vizuri, na inaomba mutu awe anakisikiliza.

Kinafanya kazi namna gani?

Kinaitwa AIS. Mafundi wanasema pia transponda. Ni redio ndogo yenye GPS ndani. GPS inajua mahali boti iko, mwendo wake na upande inaelekea. Redio inachukua habari hiyo na kuitangaza yenyewe, bila mutu kusema neno. Boti ingine yenye chombo kama hicho inaipokea na kuiona kwenye ekrani.

Si sawa na GPS yenye watu wanaweka ndani ya gari ao kwenye moto. Ile inatumia karte ya SIM: rezo ikikosekana, inanyamaza. AIS haina SIM na hailipi megabaiti. Inatumia masafa mawili tu dunia nzima, 161,975 na 162,025 megaherzi.

Kuna aina mbili. Aina A ni ya meli kubwa. Sheria ya kimataifa ilianza kuzilazimisha tangu mwaka 2002. Aina B ni ya boti ndogo, za matanga ao za moteri, na ndiyo inafaa boti za kwetu. Nguvu yake ni wati 2 ao 5. Boti ikitembea, inatangaza kila sekunde 30 hivi ao haraka zaidi. Ikisimama, kila dakika 3.

Antena: kimo ndicho kinafanya kazi

Mawimbi ya redio hii yanaenda karibu sawa na macho yetu: hayapiti ndani ya mulima, na dunia ikipinda yanapotea. Kwa hiyo kimo cha antena ni cha maana kuliko bei ya chombo.

Tupige hesabu. Antena mbili zenye kimo cha metre 4 kila moja zinasikiana kwenye kilometre 16 hivi. Antena moja ikibaki kwa metre 4, na ingine ikiwekwe kwenye kilima ao jengo la metre 25 juu ya maji, zinafika karibu kilometre 28. Lakini ziwa Kivu lina urefu wa kilometre 90 hivi, na katikati kuna Idjwi na vilima vyake. Boti iko magaribi ya kisiwa, boti ingine iko mashariki: hazitaonana, hata chombo kikiwa kipya.

Mwenye boti ya matanga ana bahati: mulingoti wake uko tayari, antena inakaa kwenye ncha. Boti zetu nyingi za mbao hazina mulingoti. Fundi anaweza kusimamisha bomba la chuma lenye nguvu, lifungwe vizuri kwenye mbao za boti, na antena ikae juu kabisa kupita mabati na mizigo. Usiilaze chini ya bashi, usiifungie pembeni ya bomba lenyewe. Kama boti iko na redio ingine, antena hizo mbili zitenganishwe metre 1 ao zaidi.

Antena ya GPS ni ingine, ndogo kama uyoga. Hiyo haitafuti kimo. Inatafuta kuona mbingu. Ukiiweka chini ya bati, haitajua boti iko wapi.

Kable na maji

Hapa watu wengi wanapoteza feza. Kable nyembamba yenye jina RG-58 inakula karibu sehemu moja kwa tatu ya nguvu kwenye metre 10 tu. Kable nene, RG-213, inakula karibu moja kwa tano. Kama njia ni ndefu, nunua nene. Kable ya televizyo isitumiwe: haipatani na redio hii.

Mahali kable inaungana na antena, zungusha utepe wa mpira wenye unajishika wenyewe. Maji yakiingia, kable inaoza ndani kwa ndani, na wewe unaendelea kuona taa ya chombo inawaka. Na usiwashe chombo kabla antena haijafungwa: kinaweza kuungua.

Kura

Aina B inakula kura kidogo, chini ya ampere 1 kwa volti 12. Plake ndogo ya jua inaweza kuilisha. Weka fizible karibu na batri. Kama inawezekana, kipe batri yake, isiwe ile ya kuwashia moteri. Sababu ni rahisi: siku moteri inakufa pamoja na batri yake, ndiyo siku unahitaji chombo kiseme.

Namba ya boti

Kila AIS inaomba namba ya tarakimu 9, inaitwa MMSI. Tatu za kwanza zinaonyesha inchi. Za Kongo ni 676. Namba hiyo inatolewa na viongozi wa inchi. Usiitunge, wala usikopi ya boti ingine. Boti mbili zikiwa na namba moja, kwenye ekrani zinakuwa boti moja yenye kuruka huku na kule, na siku ya hatari hakuna mutu atajua ukweli uko wapi.

Mambo mawili ya kufikiria

La kwanza: AIS haina siri. Kila mwenye chombo cha kupokea anakuona, rafiki na mwizi. Sheria ya bahari inamuruhusu kapiteni wa meli kuizima kama usalama uko hatarini. Kwetu, swali hilo si dogo.

La pili: wavuvi wa sambaza, wenye kufunga mitumbwi yao pamoja na kuvua usiku kwa taa, hawaonekani kwenye ekrani kama hawana chombo. Ekrani tupu haimaanishi ziwa tupu. Kapiteni aendelee kuangalia mbele kwa macho.

Nani atasikiliza?

Kuna mwenye anafunga AIS, anafungua telefone aangalie boti yake kwenye karte ya intaneti, haoni kitu, anasema: wameniuzia chombo kibaya. Pengine chombo ni kizima. Karte hiyo inaonyesha tu boti zenye zimesikiwa na antena ya inchi kavu ao satelite. Kama karibu yako hakuna antena ya kupokea, boti inasema na boti zingine tu.

Kwa hiyo, kabla wenye boti kununua mmoja mmoja, wangekaa pamoja na wasimamizi wa bandari. Chombo cha kupokea tu, bila kutangaza, ni cha bei ndogo. Kimoja Goma mahali pa juu, ingine Minova, ingine Idjwi, na mutu wa zamu usiku mwenye namba za telefone za waokoaji: bila hayo, boti italia na hakuna wa kuitika.

Na wewe musafiri, hata boti ikiwa na antena ndefu, kwanza uliza jile yako iko wapi. Kisha hesabu watu.