MIAKA HAMSINI BAADA YA KIDATO CHA SITA

Sisi tuliomaliza kidato cha sita mwaka 1975 tulitimiza miaka hamsini mwaka 2025, tukaazimia kukutana Temeke. Nami nikapewa kazi ya kuwatafuta wenzetu.

Kizazi chetu kilipita njia yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwisha amua kwamba amalizaye shule asikimbilie Chuo Kikuu. Kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, apate na sifa njema za kazini na za tawi la chama. Hivyo yule aliyetushinda wote kwa hesabu alivaa ovaroli kiwandani, kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo yaitwa Barabara ya Nyerere. Akaipenda mashine, chuoni hakwenda tena. Vita vya Kagera vya 1978–79 vikatuchukulia wawili. Katika miaka ya tisini kiwanda chake kikafungwa.

Nilimkuta Tandika, akikaza spoki za baiskeli.

"Ndugu yangu, nije kuonyesha nini?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu, na nakiri kwamba niliificha saa yangu ndani ya mkono wa shati. Nikamkumbusha tu kwamba logariti zote nilizofaulia alinifundisha yeye, usiku, kwa taa ya chemli.

"Na hukunilipa," akasema, akicheka.

Jumamosi alitutangulia wote, amevaa kanzu safi, kucha zingali na grisi.