Kicheko Kilichotoka Gombe

Miongoni mwa aina za sanaa ya kuchekesha zilizokua katika nusu ya pili ya karne ya 20, iko moja ambayo wahakiki wengi huipita haraka kwa kuidhania kuwa mchezo wa vijana, nayo ni ile inayotokana na watu waliozama katika sayansi, kompyuta, vibonzo na hadithi za kubuni za kisayansi, yaani watu wanaolipenda jambo la kitaalamu kiasi cha kuweza kulitania bila kulivunjia heshima. Sanaa hiyo huonekana katika katuni za magazetini, fulana, wanasesere na filamu za vikaragosi, na sifa yake kuu ni kwamba mtazamaji hawezi kucheka mpaka awe anajua kitu fulani kwanza. Ni nadra Mkoa wa Kigoma kutajwa sanaa hiyo inapojadiliwa, ilhali kisa chake kimoja mashuhuri kabisa kilichimbuka katika msitu ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita 16 hivi kaskazini ya mji wa Kigoma, katika hifadhi ya Gombe.

Utani huo haueleweki bila sayansi iliyouzaa. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza mwenye umri wa miaka 26 ambaye wakati huo hakuwa na shahada yoyote, alishuka Gombe pamoja na mama yake, Vanne, na mpishi wao, akiwa ametumwa na mtafiti wa chimbuko la binadamu, Louis Leakey, kuchunguza maisha ya sokwe. Novemba mwaka huohuo alimwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard kwa sababu ya ndevu zake za mvi, akiwa ameketi kando ya kichuguu: sokwe huyo alichukua ujani mrefu, akauingiza tunduni, akatulia, kisha akautoa polepole ukiwa umeng'ang'aniwa na mchwa askari waliouuma kwa taya zao, akaupitisha midomoni na kuwala. Baadaye sokwe walionekana pia wakichuma vijiti vyenye majani na kuyapukusa kabla ya kuvitumia, na tendo hilo dogo la kupukusa majani ndilo lenye uzito wa kitaalamu, kwa kuwa anayekibadili kitu ili kimfae kwa kazi aliyokusudia ametengeneza zana. Hadi hapo vitabu vingi vilimfafanua binadamu kuwa ndiye kiumbe pekee atengenezaye zana, na ufafanuzi huo ukavunjwa na mchwa wa Kigoma.

Jambo la pili lililoandaa njia ya utani ni majina. Watafiti wa wanyama wa zama hizo walipendelea kuwapa wanyama namba, kwa hoja kwamba jina humfanya mtafiti amwone mnyama kama mtu, lakini Goodall alishikilia majina, na utaratibu ukazoeleka wa watoto kupewa majina yanayoanza na herufi ya jina la mama yao. Mama Flo alimzaa Fifi, na Fifi akawazaa Freud na Frodo, wa kwanza akibeba jina la mwasisi wa tiba ya nafsi na wa pili jina ambalo kila msomaji wa riwaya za J. R. R. Tolkien analifahamu kuwa la shujaa mdogo wa kimo. Frodo wa Gombe alikua kuwa dume la zaidi ya kilo 50, miongoni mwa wazito kupata kupimwa hifadhini. Katika ukoo wa herufi G alipatikana Gimli, jina jingine linalojulikana na wasomaji haohao. Kwa hiyo utamaduni wa mashabiki wa hadithi za kubuni uliingia ndani ya daftari za utafiti zenyewe, na watu waliokuwa wakihesabu viota na kupima uzito wa wanyama walikuwa tayari wanatabasamu huku kazi ikiendelea. Matendo ya sokwe nayo yalichangia: mwaka 1964 dume aitwaye Mike, ambaye hakuwa na nguvu za kuwashinda wenzake, aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini, akayagonganisha na kuyabingirisha mbele yake kwa kishindo mpaka madume wakubwa wakatawanyika, naye akatwaa uongozi wa kundi. Hakuna mchora katuni ambaye angebuni kisa bora zaidi ya hicho.

Mchoraji aliyeutambua utajiri huo ni Gary Larson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1950, ambaye mfululizo wake uitwao The Far Side ulianza magazetini mwaka 1980 ulipokuwa ukiingia na kukoma tarehe 1 Januari 1995. Larson alitumia katuni ya fremu moja, yaani picha moja yenye maelezo mafupi chini yake, na mbinu yake ilikuwa kuwapa wanyama maisha ya kawaida ya binadamu, wakivaa miwani, wakinywa chai na wakigombana kindoa, huku akichunga kwa makini sana ukweli wa kibiolojia uliokuwa nyuma ya picha. Umakini huo ndio uliowafanya wanasayansi wabandike kazi zake kwenye milango ya ofisi na maabara zao, wakampa heshima ya kitaalamu isiyo ya kawaida: chawa mmoja wa bundi aliitwa kwa jina la kisayansi Strigiphilus garylarsoni, kwa heshima ya mchoraji huyo.

Mwaka 1987 Larson alichora sokwe wawili juu ya tawi. Jike anamchambua dume manyoya, anaokota unywele mmoja wa rangi ya dhahabu, kisha kwa sauti ya mke mwenye wivu anamuuliza mumewe iwapo amerudi kufanya “utafiti” na yule Jane Goodall, ambaye anamwita kwa neno la kumdhalilisha mwanamke. Ili acheke, msomaji alipaswa kujua mambo matatu kwa pamoja, kwamba sokwe huchambuana manyoya kama njia ya kujenga urafiki, kwamba Goodall alikuwa na nywele za dhahabu, na kwamba sifa ya kazi yake ilikuwa kuishi karibu na wanyama hao kuliko mtafiti yeyote kabla yake. Taasisi ya Jane Goodall, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilikasirika, na barua kali ya kisheria ikapelekwa kwa wakala aliyesambaza katuni hizo, wakati Goodall mwenyewe akiwa Afrika bila habari. Ukweli ulifahamika pale jarida la National Geographic lilipotaka kuichapisha katuni hiyo upya, wakala akakataa kwa kuhofia kesi, na swali likamfikia mhusika: Goodall alikuwa ameipenda mno. Katuni ikachapwa kwenye fulana zilizouzwa ili mapato yake yaisaidie taasisi ileile iliyokuwa imetishia kushtaki, naye Goodall akaandika dibaji ya mkusanyo wa tano katika mfululizo wa The Far Side Gallery, uliotoka mwaka 1995.

Neno lililotumiwa dhidi ya Goodall lilikuwa kali, na waliokasirika kwa niaba yake walikuwa na sababu. Hata hivyo yeye aliliona lililofichika kwa wengine, kwamba mwenye wivu pichani ni sokwe, na kwamba mchoraji amempa jike huyo wivu, ndoa na hasira, yaani nafsi kamili, jambo ambalo Goodall mwenyewe alikuwa akiwashawishi wanasayansi wenzake walikubali tangu mwaka 1960. Katuni moja ilikuwa imesema kwa kicheko kile ambacho makala zake zilipingwa kwa kukisema.

Uhusiano wa Larson na ugunduzi wa Gombe unaonekana pia katika katuni nyingine iliyowachanganya wasomaji kuliko zote, ile ya Oktoba 1982 inayomwonyesha ng'ombe amesimama kwa miguu miwili nyuma ya meza yenye vifaa vinne vya ajabu, huku maelezo ya chini yakisema tu kwamba hizo ni zana za ng'ombe. Barua na simu za wasomaji waliotaka kujua maana yake zilimiminika mpaka mchoraji akalazimika kutoa tamko. Baadaye alieleza kwamba wazo lilimjia aliposoma kuhusu ufafanuzi wa binadamu kama mtengeneza zana na wanyama walioutia dosari, akajiuliza ng'ombe angetengeneza nini kama naye angejaribu, na akakiri kwamba kosa lake lilikuwa kukifanya kifaa kimoja kifanane na msumeno, kwa sababu wasomaji walidhani vitatu vilivyobaki navyo lazima vina matumizi. Katuni iliyohesabiwa kuwa imeshindwa leo ni miongoni mwa picha zinazotumiwa na kuigwa sana mitandaoni, nayo ni kizazi cha ujani ule alioushika David Greybeard kando ya kichuguu.

Tanzania ina sehemu yake hata katika mfano ambao kicheko kiligeuka kuwa istilahi. Mwaka 1982 Larson alichora watu wa mapangoni wakimsikiliza mhadhiri anayewaeleza kuwa miiba iliyo mkiani mwa Stegosaurus, mjusi mkubwa wa kale, imepewa jina la marehemu Thag Simmons, jambo linalomwachia msikilizaji kukisia marehemu alikufaje. Miiba hiyo haikuwa na jina la kitaalamu, na mwaka 1993 mtaalamu wa visukuku Ken Carpenter alilitumia jina la utani, thagomizer, mbele ya wenzake, na tangu hapo likaenea katika vitabu na majumba ya makumbusho. Miiba ya namna hiyo imo pia mkiani mwa Kentrosaurus, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, na msafara wa Wajerumani ulioanza kazi mwaka 1909, naye akapewa jina na Edwin Hennig mwaka 1915.

Si kila utani kuhusu nchi hii umejengwa hivyo. Mwaka 2001 filamu ya vikaragosi The Simpsons iliipeleka familia yake Tanzania, ikamweka huko mtafiti wa sokwe anayefanana na Goodall, na kichekesho chake kikawa kwamba nchi inabadili jina ndege ikiwa bado angani. Hapo mtazamaji hahitaji kujua chochote, kwa sababu mtunzi naye hakuhitaji, na Tanzania ingeweza kubadilishwa na nchi nyingine yoyote bila mstari mmoja kuharibika. Ni kazi dhaifu, hata kama ina ucheshi wa haraka. Vifaa vya kuchezea vimeitendea Gombe haki zaidi: mwaka 2022 kampuni ya Lego ilitoa seti ya Goodall akiwa na sokwe watatu katikati ya miti, na mwaka huohuo kampuni ya Mattel ikatoa mwanasesere wa Barbie wa Goodall, mwenye darubini na daftari, akiandamana na David Greybeard mdogo.

Anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika analo jambo la kuongeza ambalo halimo katika vifaa hivyo. Frodo, mwenye jina la shujaa mpole wa riwaya, alimshambulia Larson mwenyewe alipozuru Gombe mwaka 1988 na kumwacha na michubuko, na tukio hilo likasimuliwa kama kichekesho cha haki kwa mchoraji aliyewatania sokwe. Lakini mwaka 2002 sokwe huyohuyo alimnyakua na kumuua mtoto mdogo ndani ya hifadhi, na kwa familia ya mtoto huyo hakuna jina la riwaya linaloweza kulipunguza jambo hilo uzito. Sanaa inayomgeuza mnyama kuwa mwenzi wa kuchekesha inapaswa kuikumbuka tofauti kati ya anayemtazama sokwe kwenye fulana na anayekutana naye njiani akiwa na mtoto mgongoni.

Tofauti hiyo inaelekeza kwenye upungufu mkubwa wa kazi zote zilizotajwa, kwamba kalamu imekuwa mbali na mahali. Baada ya Mei 1975, pale watafiti vijana wanne walipotekwa Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, shughuli za kila siku za utafiti zilibaki mikononi mwa Watanzania, wakiwemo watu kama Hilali Matama, waliowafuata sokwe tangu wanapoamka kiotani alfajiri mpaka wanapolala na kuandika matendo yao kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba hazina kubwa kabisa ya vituko vya sokwe duniani, yaani ugomvi, hila, mapatano na wivu wao, iliandikwa kwanza kwa lugha ya wasomaji wa makala haya, kisha wageni wakaichorea katuni kwa lugha zao.

Wachoraji hawakosekani. Nchi iliyomlea Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa jarida la Sani, vibonzo vya Masoud Kipanya na kalamu ya Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kupata umaarufu Nairobi, haina haja ya kufundishwa fremu moja inavyobeba hoja. Wachoraji wa rangi wa Tingatinga nao wamewachora wanyama kwa ucheshi tangu miaka ya 1960. Kilichobaki ni kukutanisha mkono huo na ujuzi wa Gombe, ili mchoraji wa Ujiji au Mwandiga aketi na msaidizi wa utafiti aliyestaafu, amsikilize kuhusu Mike na madebe yake, achore kwa Kiswahili, na kitabu hicho kiuzwe kwanza Kigoma mjini. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, lakini baadhi ya wazee waliotembea naye msituni bado wapo. Wahariri wa majarida na walimu wa sanaa wa mkoa huo wawatafute sasa.