Je, Wajua? Bodi ya Gari ni Nusu ya Antena

Je, wajua kwamba ile fimbo ya chuma inayosimama juu ya gari la zamani ni nusu tu ya antena? Nusu ya pili ni gari lenyewe. Wimbi la redio likiipiga fimbo, huzaliwa umeme mdogo mno, na umeme huo haufiki kwenye redio usipopata pa kuegemea. Bodi ya chuma ndiyo egemeo lake. Ndiyo maana mtu hununua antena mpya inayong'aa, akaifunga palepale ilipovunjikia ya kwanza, na redio ikaendelea kukoroma kama jana. Fimbo imebadilishwa, lakini ile nusu nyingine imebaki na kutu yake.

Urefu wa fimbo nao haukukisiwa. Chukua 300, igawanye kwa masafa ya kituo katika megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kituo cha FM kilicho kwenye megahezi 100 kina wimbi la mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Vuta antena ya gari la zamani hadi mwisho kisha uipime. Mara nyingi utaikuta hapohapo au jirani. Fimbo iliyosimama juu ya chuma huliitikia vizuri wimbi lililo mara nne ya urefu wake. Kwa hiyo wale wanaochomeka waya wa kutundikia nguo kwenye kisiki cha antena wasichekwe. Ukikatwa kwa kipimo hicho na kugusa chuma safi, FM itasikika.

Tuchukue gari moja linalopendwa duniani kote, Volkswagen Beetle, ile ndogo ya mgongo wa duara. Ilianza kuundwa mwaka 1938, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, zikiwa zimeshaundwa zaidi ya milioni 21. Antena yake kwa kawaida hukaa mbele, pembeni karibu na kioo, na hapo ni mahali pazuri sana kwa sababu injini iko nyuma. Kila plagi inapotoa cheche, cheche hiyo nayo ni kituo kidogo cha redio kinachorusha kelele, na kadiri antena inavyokaa mbali nayo ndivyo sauti inavyokuwa safi.

Ukifungua boneti ya mbele ya Beetle na kuondoa kadibodi inayoficha nyaya nyuma ya dashibodi, utauona waya wa antena ukiingia ndani. Tangi la petroli nalo liko hukuhuku mbele. Basi kama kitako cha antena mpya ni kinene kuliko tundu la zamani, usikimbilie drili; afadhali utafute antena inayolingana na tundu. Nati iliyoshikwa na kutu inyunyizie mafuta ya kulegeza na uiache ilale hivyo usiku kucha. Zungushia rangi utepe wa karatasi ili spana isiikwaruze, na usiibane fimbo kwa koleo, maana ikipinda kidogo tu haitazama tena ndani ya bomba lake.

Kazi yenyewe iko chini ya tundu. Kitako cha antena kina pete yenye meno, na meno hayo yanatakiwa kuuma chuma cha bodi kwa upande wa ndani. Kwa gari lililopakwa rangi upya, meno yanauma rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwangua kwa msasa duara dogo kuzunguka tundu mpaka chuma kiwe cheupe, paka grisi nyembamba ili kutu isirudi, kisha kaza. Juu weka mpira mpya, usirudishe ule uliokauka na kupasuka. Waya uuache uning'inie kidogo kabla haujapanda kwenda kwenye redio, ili maji ya mvua yakipenya yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani ya redio.

Baada ya hapo acha mita iseme. Waya ukiwa haujachomekwa kwenye redio, pima kati ya ncha ya plagi ya antena na fimbo: usomaji uwe karibu na sifuri. Pima ganda la plagi na bodi ya gari: karibu na sifuri pia. Pima ncha na ganda: pasiwe na mawasiliano kabisa. Vipimo hivi vitatu, kwa antena ya kawaida isiyo na kikuza mawimbi, vinakuonyesha kosa lilipo. Ukisikia mlio wa injini unaopanda na kushuka unapokanyaga mafuta, anza na kipimo cha pili. Naamini redio nyingi za zamani zilizotupwa kwa kuitwa mbovu zingepona hapo.

Je, wajua kwamba waya wa antena ya gari si waya wowote ule? Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti ilisafiri kwa masafa ya kati na mafupi. Kituo cha kilohezi 1000 kina wimbi la mita 300, na robo yake ni mita 75, urefu ambao hakuna gari linaloweza kuubeba. Kwa masafa hayo fimbo hunasa kidogo sana, na waya wenyewe unaweza kukinyonya hata hicho kidogo. Kwa hiyo watengenezaji waliunda waya wenye uzi mwembamba katikati na nafasi kubwa ya hewa kuuzunguka, usionyonya sana. Ukiukata na kuunga kipande cha waya wa televisheni, FM pengine haitalalamika, lakini masafa ya kati yatafifia.

Redio nyingi za enzi hizo zina skrubu ndogo, karibu na tundu la antena au nyuma ya kitufe cha mbele, ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuigusa. Kazi yake ni kuilinganisha redio na antena uliyoifunga. Vuta antena yote, tafuta kituo hafifu karibu na kilohezi 1400, kisha izungushe skrubu polepole mpaka sauti ifike kileleni. Antena ikibadilishwa, hatua hii hurudiwa.

Mwanzoni magari hayakuwa na fimbo yoyote. Paul Galvin wa Chicago alipoanza kuuza redio yake ya gari, Motorola, mwaka 1930, paa za magari mengi zilikuwa za kitambaa juu ya mbao, na ndani yake mlikuwa na wavu wa waya, uleule wa mabanda ya kuku. Wavu huo ukawa antena. Kisha General Motors ikaleta paa la chuma tupu kwa magari yake ya mwaka 1935, na antena ikakosa makazi, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi yasiingie. Ikahamishiwa chini ya vikanyagio vya pembeni, karibu na tope na mawe, na hatimaye ikapanda juu kama fimbo. Pontiac Grand Prix ya mwaka 1969 iliificha ndani ya kioo cha mbele.

Kijitufe kwenye ncha ya fimbo kinayalinda macho ya watu, na pia kinapunguza mikwaruzo ya sauti, kwa kuwa umeme tuli huvuja kwa urahisi kwenye ncha kali. Uzi uliosokotwa kuizunguka fimbo unavunja mapigo ya upepo ili antena isipige mluzi mwendo ukiongezeka.

Kwa magari kutoka Japani kuna jambo jingine la kuangaliwa kabla ya kuilaumu antena. FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90. Ya kwetu Afrika Mashariki huanzia 87.5 hadi 108. Kile kiboksi kidogo ambacho fundi huchomeka kati ya waya wa antena na redio huyashusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 14, Capital FM ya Nairobi iliyo 98.4 itaonekana kwenye redio kama 84.4. Na kwa kuwa megahezi 20 hazienei ndani ya 14, kuna vituo ambavyo redio hiyo haitavipata hata ukiifungia antena bora kuliko zote.

Na kwa antena inayopanda yenyewe ukiwasha redio, fimbo ikivunjika mara nyingi mota bado ni nzima. Fungua nati ya juu, washa redio, na mota itakutemea fimbo ya zamani pamoja na utepe wake wa nailoni wenye meno. Chomeka utepe mpya, meno yaelekee upande wa gia, mwambie mwenzako azime redio, na mota itaumeza taratibu mkononi mwako.